Barua za polisi kutoka steshenari za Mtwara mjini: lipia kuchapa, maneno nenda nayo mwenyewe

Mitaa ya katikati ya Mtwara mjini haikosi steshenari zenye kibao cha "Tunaandika barua za aina zote". Katika aina hizo zote, barua ya kwenda polisi ni kazi ya kila siku. Simu imeibwa, pikipiki haionekani, korosho zimechotwa stoo, mtu kagongwa njia ya Mikindani. Mteja anasimulia akiwa amesimama, kijana wa kompyuta anachapa, na baada ya muda mfupi karatasi inatoka kwenye printa ikiwa bado ya moto. Tunaipima huduma hiyo kwa kipimo kimoja: karatasi ikifika kwa mpelelezi, na siku moja ikafika mbele ya hakimu, itamfaa aliyeilipia au itamgeuka?

Kwenye bei hatuna ugomvi nao. Kuchapa ukurasa mmoja ni kama shilingi 1,000 hadi 2,000 kutegemea duka, kopi ni 100 au 200, na marekebisho ya papo kwa papo mara nyingi hayalipiwi. Uchapaji wenyewe ni safi, herufi zinasomeka, anuani imekaa kulia, "YAH:" imepigiwa mstari. Tatizo linaanzia chini ya huo mstari.

Kuna jambo ambalo kibao hakikwambii: barua si lazima. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inasema taarifa ya kosa inaweza kutolewa kwa mdomo au kwa maandishi, kwa askari polisi au kwa mwenye mamlaka wa eneo husika. Unafika kaunta, unasimulia, inaandikwa kitabuni, unapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu hicho, bila malipo, halafu mpelelezi anakuchukua pembeni kuandika maelezo yako. Mtu asikubabaishe kwamba bila karatasi iliyochapwa hupokelewi. Kiapo cha wakili nacho, ambacho baadhi ya maduka hukichomeka kwenye bili kama sehemu ya huduma, hakihitajiki ili kufungua RB.

Barua basi ina kazi gani? Inakusaidia kufika kituoni mambo yamekaa kwenye mstari, tarehe na namba zote zipo, hutegemei kumbukumbu ukiwa umechanganyikiwa. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini ukiiacha kituoni inaingia kwenye jalada. Ikipishana na maelezo utakayotoa kwa mpelelezi saa moja baadaye, wakili wa upande wa pili atakuwa na karatasi mbili zenye saini yako zisizosema kitu kimoja, na atakuuliza ni ipi ya uongo.

Maduka mengi yana faili moja ya zamani inayobadilishwa majina na tarehe. Ukisoma ya duka hili na la jirani yake unakutana na maneno yaleyale, kiasi hiki:

"Mimi niliyetajwa hapo juu naleta taarifa kwamba usiku wa tarehe 12 nikiwa nimelala nyumbani kwangu nilivamiwa na watu wasiojulikana ambao waliiba mali zangu mbalimbali zenye thamani ya shilingi milioni moja na nusu na kutokomea kusikojulikana. Naomba ofisi yako tukufu inisaidie ili haki itendeke."

Kosa la tahajia halimo. Cha kumfaa mpelelezi nacho hakimo.

Chukua "usiku wa tarehe 12". Ni usiku wa kuamkia tarehe 12 au wa kuamkia 13? Mtaani tunaelewana, jaladani hatuelewani. Mtuhumiwa akisema usiku wa kuamkia 13 alikuwa Masasi na tiketi ya basi anayo, taarifa yako itakuwa inamsaidia yeye. Andika siku ya juma pamoja na tarehe, kisha neno "kuamkia".

Saa ndiyo mtego mbaya kuliko yote, na ni kosa tulilolikuta kwenye karatasi nyingi mno. Mteja anasema "saa nane usiku". Mchapaji, akitaka iwe ya kiofisi, anachapa "20:00". Saa nane usiku ni 02:00. Saa 20:00 ni saa mbili usiku, wakati watu bado wako barazani wanacheza bao. Tukio limehama saa sita kwa kubonyeza vitufe vichache, na mashahidi wote watakaosema saa nane wataonekana wameambizana. Dawa yake ni kuandika zote mbili, saa 8:20 usiku na 02:20 kwenye mabano. Usipoijua saa kamili, usibuni. Andika ulichokitumia kukadiria: "muda mfupi kabla ya adhana ya alfajiri" au "umeme ulikuwa umekatika na haujarudi".

Sasa "watu wasiojulikana". Kama kuna maneno mawili ya kufuta kwenye faili za steshenari zote za mkoa huu, ni hayo. Tatizo ni kwamba yamo kwenye faili tangu mwanzo, na mchapaji huyaacha hata pale mteja alipotaja jina la mtu. Sababu anayoitoa ni kwamba anamlinda mteja asije akashtakiwa kwa kumsingizia mtu. Nia njema, matokeo mabaya. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Marwa Wangiti Mwita na mwenzake dhidi ya Jamhuri, lililomo kwenye ripoti za sheria za 2002, ilisema kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni jambo muhimu linaloonyesha kuwa anaaminika, na kwamba kuchelewa bila maelezo au kushindwa kabisa kumtaja kunatakiwa kuifanya mahakama iwe na shaka. Uliyemwona ni jirani yako unayemjua kwa jina, karatasi yako ya kwanza inasema hajulikani, wiki mbili baadaye unamtaja. Hapo kesi imeshaanza kuvuja.

Kama kweli hukumtambua mtu, sema hukumtambua, na ueleze ulichokiona: walikuwa wangapi, warefu au wafupi, walivaa nini, waliongea lafudhi gani, walielekea wapi. "Kutokomea kusikojulikana" si mwelekeo. Waliingia njia ya kwenda Magomeni au walishuka ufukweni?

Na kama ulimtambua, kutaja jina peke yake hakutoshi, hasa usiku. Shauri linalotajwa mahakamani karibu kila siku kwenye utambuzi ni Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, la 1980. Mahakama ya Rufani ilitaja mambo ya kupimwa: shahidi alimwangalia mtu kwa muda gani, alikuwa umbali gani, ilikuwa mchana au usiku, mwanga ulikuwa mzuri au hafifu, na kama alimfahamu au aliwahi kumwona kabla. Ushahidi wa aina hiyo usipoondoa kila uwezekano wa kukosea, mtu hafungwi. Sasa rudi kwenye barua ya "nilimtambua kwa mwanga wa taa". Taa gani? Ya umeme, ya sola, tochi ya simu? Ilikuwa imening'inia wapi, nyuma yake au usoni kwake? Mpelelezi mzuri atayauliza yote hayo. Mpelelezi mwenye majalada mengi mezani anaweza asiyaulize, na miaka miwili baadaye, kizimbani, hutakumbuka.

Tukio lilelile la barua ya mwanzo, likiandikwa na mtu aliyeulizwa maswali hayo, linakuwa hivi:

"Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2024, saa 8:20 usiku (02:20), nikiwa nimelala chumbani, niliamshwa na mlio wa bati la mlango wa stoo iliyopo uani. Nilitazama simu, ndiyo maana naijua saa. Nilichungulia dirishani. Taa ya umeme iliyopo juu ya mlango wa stoo ilikuwa inawaka. Kutoka dirisha langu hadi mlango huo ni hatua tisa, nimezihesabu asubuhi. Niliona wanaume wawili. Mmoja alinipa mgongo muda wote, sikumtambua. Wa pili alitoka stoo akiwa na gunia begani akatazama upande wangu, nikamwona uso kwa muda wa kama sekunde tano. Ni (jina), dereva wa bodaboda, namfahamu tangu 2019 kwa kuwa tunakaa mtaa mmoja. Alivaa fulana nyekundu na kaptura ya jinzi. Nilipiga kelele, wakakimbia kupitia upenyo wa uzio upande wa mashariki. Jirani yangu (jina) alitoka, nikamtajia jina hapohapo. Saa 8:45 usiku (02:45) tulifika kwa mwenyekiti wa mtaa, nikamtajia na yeye."

Hakuna neno gumu hata moja hapo, hakuna "tukufu". Angalia "sikumtambua" kwa yule wa kwanza. Wengi wanaogopa sentensi hiyo wakidhani inawapunguzia nguvu, na mchapaji mmoja tuliyemsikia alishauri mteja aiondoe. Ibaki. Anayekiri kwamba mmoja hakumwona ni rahisi kuaminika kwa yule aliyemwona. Angalia pia hatua tisa. Asiyekuwa na futi kamba aandike hatua, asiandike mita za kukisia. Hatua zinaweza kupimwa tena na mpelelezi akija kuchora ramani ya tukio, wakati "kama mita 20" ikigeuka kuwa saba inabaki kuwa kosa la shahidi.

Kwenye korosho ndiko steshenari zetu zilipaswa kuwa mabingwa, maana hakuna mji mwingine unaoandika barua za korosho kama huu, na bado ndiko zinakovurunda. Msimu ukifunguka Oktoba, barua zinamiminika: "magunia sita ya korosho yenye thamani ya shilingi 1,500,000". Hapo mpelelezi hana pa kuanzia. Korosho zikishamwagwa, zako na za mwenzako wa Nanyamba hazitofautiani. Mtu akikamatwa na magunia sita atasema ni ya shamba lake, na ana mikorosho kweli. Kinachotambulika ni gunia. Ni la juti au la nailoni? Lina maandishi ya wino, jina la AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), namba ya mkulima? Mdomo umeshonwa kwa uzi gani, wa katani au wa plastiki, rangi gani? Lina kiraka, limeungua, lina doa la oili? Kitu kimoja cha namna hiyo kina thamani kuliko aya nzima ya kuomba haki itendeke.

Na ni lazima alama hizo uziseme kabla hujaonyeshwa mali. Ukiwa umeshapelekwa kituoni ukaziona zimelala pale kisha ukaandika "gunia langu lina kiraka cha bluu", kila mtu anaona kiraka cha bluu. Kwa hiyo barua inayoandikwa asubuhi ya tukio, ikiwa na alama zote, ina uzito ambao ya baada ya mali kupatikana haina. Kwa hili peke yake, shilingi 2,000 ya steshenari inalipa, ila uwe umezitaja wewe. Mchapaji hatakuuliza.

Uzito nao. Gunia la juti lililojaa korosho kavu hubeba kilo 80 hivi, na mchapaji hupenda kuzidisha: sita mara themanini, kilo 480. Kama ulipima, andika mzani ulikuwa wa nani na ulipima lini, gunia kwa gunia. Kama hukupima, andika "hayakupimwa, yalikuwa yamejaa hadi mdomoni". Thamani itokane na hesabu inayoonekana: kilo kadhaa, mara bei ya mnada wa tarehe fulani wa chama kikuu chako cha ushirika, iwe MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao. Bei hubadilika mnada hadi mnada, hivyo milioni moja na nusu isiyo na tarehe itapingwa na mtu yeyote mwenye gazeti la wiki ile. Ikiwa korosho zilishaingia kwenye ghala la chama, weka namba ya stakabadhi, na useme ghala lilikuwa chini ya nani usiku ule, nani alikuwa na funguo, kufuli lilikutwa vipi: limevunjwa, limekatwa kwa msumeno, au limefunguliwa bila jeraha. Kufuli lisilo na jeraha linaelekeza upelelezi kwa wenye funguo, na ndiyo maana watunza ghala huwa wepesi kuandika "kufuli lilivunjwa". Aliyeliona aandike alichokiona, na kufuli lenyewe likabidhiwe.

Salfa, dawa ya mikorosho, haina mambo mengi. Mifuko ya kilo 25, jina la kiwanda na namba ya toleo vilivyochapwa kwenye mfuko, tarehe uliyogawiwa na saini yako kwenye rejista ya chama kama ni ya ruzuku.

Simu na pikipiki ni kazi ambazo steshenari hufanya vizuri, kwa sababu ni za kujaza namba. Simu iwe na IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15, zipo kwenye boksi au kwenye risiti. Wenye laini mbili wana IMEI mbili na zote ziandikwe. Wenye simu bado mkononi wabonyeze *#06# leo na kuinakili. Pikipiki iwe na namba ya usajili, ya chesisi na ya injini kutoka kwenye kadi, si kutoka kichwani, pamoja na alama za kwako: taa ya nyuma iliyopasuka, siti iliyoshonwa upya, kibandiko cha timu. Kadi ya benki, andika tarakimu nne za mwisho tu. Tumeona barua yenye namba nzima ikipita mikononi mwa watu watatu kabla ya kufika kaunta.

Hapa kuna jambo linalohitaji ukali kidogo. Jeshi la Polisi lina mfumo wa mtandaoni wa taarifa za upotevu wa mali, malipo kwa namba ya udhibiti, na steshenari nyingi zinakujazia kwa ada kidogo. Kwa kitambulisho kilichodondoka au cheti cha shule ni huduma nzuri, tena inaokoa foleni. Kwa cheti cha mtihani, weka namba ya mtahiniwa na mwaka, maana Baraza la Mitihani litataka karatasi hiyo pamoja na tangazo la gazetini. Lakini simu iliyoporwa si simu iliyopotea. Wachapaji humshauri mteja aandike "imepotea" kwa sababu karatasi inatoka haraka na laini inarudishwa siku hiyohiyo. Mwezi unapita, simu inakamatwa kwa mtu, na karatasi pekee iliyopo yenye jina la mwenye simu inasema iliangushwa. Mtuhumiwa anasema aliiokota. Nani atambishia? Kilichoibwa kifunguliwe RB ya wizi kituoni, na RB hiyo ndiyo upeleke kwenye kampuni ya simu.

Hakikisha pia fomu ya mtandaoni imejazwa namba yako ya simu, si ya dukani. Uharaka wa mchapaji kutumia namba yake ni wa kawaida, na ukitaka kuichapisha tena utamtafuta yeye, naye kahama kibanda.

Ajali ni kazi ambayo tungemshauri mtu asiipeleke steshenari kabisa. Barua zake hujaa hukumu: "alikuwa mwendo kasi", "kwa uzembe mkubwa", "akiwa amelewa". Hayo ni ya trafiki na mahakama kuamua. Andika vitu vinavyopimika. Gari lilitokea Mikindani likielekea Mtwara mjini. Pikipiki ilikuwa inaingia barabarani kutoka kushoto. Alama za breki zilikuwa na urefu wa hatua 14, zimeanzia mkabala na nguzo ya umeme. Taa za pikipiki zilikuwa zimezimwa. Lami ilikuwa kavu. Chupa ilikuwa sakafuni mwa gari, harufu ya pombe ilisikika, mwisho, usiongeze. Bima nayo haitaki barua yako. Inataka fomu za polisi: PF 90, PF 93 ya ukaguzi wa chombo, PF 115, pamoja na ramani ya ajali iliyochorwa na askari wa usalama barabarani. Duka linalokuuzia "ripoti ya ajali kwa ajili ya bima" linakuuzia karatasi ambayo kampuni ya bima itairudisha.

Kupigwa na kujeruhiwa, fuata PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Polisi wanajaza sehemu yao, daktari wa hospitali ya Ligula au ya Sokoine kule Lindi anajaza yake. Kwenye maelezo yako usiandike "jeraha kubwa" wala "alitaka kuniua". Andika alikupiga kwa kitu gani, wapi mwilini, mara ngapi, akiwa amesimama upande gani. Ukisema ulipigwa rungu begani kushoto na daktari akaandika mchubuko begani kushoto, karatasi mbili zinashikana. Ukisema "alinipiga mwili mzima" na PF3 ina mchubuko mmoja, hazishikani.

Kuna barua nyingine inayopendwa sana hapa, ya mwizi aliyekamatwa mtaani: "alikamatwa na wananchi wenye hasira kali akiwa na vielelezo na kufikishwa kituoni". Wananchi hao hawana majina, na kielelezo kimepita mikono isiyohesabika. Mahakama ya Rufani katika Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, iliweka wazi kwamba kielelezo kinahitaji mfululizo wa kumbukumbu wa nani alikikamata, nani alikaa nacho, alimkabidhi nani, tangu mwanzo hadi mahakamani. Mfululizo huo unaanzia pale mtaani. Panga likitoka kwa aliyemkamata likaenda kwa mjumbe, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha kwa askari, andika majina manne na saa nne. Polisi wakichukua kitu kwenye upekuzi, aliyepekuliwa na mashahidi wanasaini na risiti inatolewa. Dai nakala, au walau soma kilichoorodheshwa. "Simu moja nyeusi" si orodha. Jina la simu na IMEI vikiandikwa, haiwezi kubadilika kuwa simu nyingine nyeusi.

Kwenye kusaini, faili za steshenari zina kasoro ndogo yenye madhara makubwa. Nyingi huacha nafasi pana baada ya aya ya mwisho, na nyingine hupeleka saini ukurasa wa pili peke yake, bila neno lingine. Kwa maelezo yanayoandikwa na mpelelezi, Sura ya 20 inataka uonyeshwe au usomewe ulichokisema, uwe huru kufafanua au kuongeza, kisha usaini palepale chini ya mstari wa mwisho. Sababu iko wazi: pakibaki wazi, mtu anaweza kuongeza. Tumia utaratibu huo huo kwenye barua yako. Mwambie mchapaji apandishe saini ishikane na mstari wa mwisho, na kama kurasa ni mbili, weka saini fupi chini ya kila ukurasa. Penye kosa kata kwa mstari mmoja, andika lililo sahihi juu yake, weka saini fupi pembeni. Wino mweupe wa kufutia usikaribie karatasi ya polisi.

Kwa wazee wanaosimulia Kimakonde au Kimwera vizuri kuliko Kiswahili, aliyefasiri atajwe jina ndani ya barua. Mjukuu akisimulia badala ya bibi, ile ni taarifa ya mjukuu, na ya bibi bado haijaandikwa. Steshenari hazilijali hili hata kidogo. Zinaweka jina la bibi juu na dole gumba chini.

Duka zuri utalijuaje? Mpe mchapaji sentensi moja, "niliibiwa simu jana usiku stendi", umsikilize. Akianza kuchapa, ondoka. Akiuliza saa ngapi, ulikuwa umesimama wapi, simu ina IMEI, ulimwona mtu, kaa hapo hata kama ni ghali kwa shilingi 500. Wapo wachache wa namna hiyo Mtwara mjini, na Masasi wapo, mara nyingi ni watu wazima waliowahi kufanya kazi za ofisi. Usipompata, nunua karatasi za mistari, andika kwa mkono nyumbani tukio likiwa bichi, lenye mtiririko wa saa, kisha mpelekee achape kama ilivyo na usimruhusu "kuiboresha". Karatasi ya mkono usiitupe. Ndiyo uliyoiandika siku ya tukio, itunze na uende nayo kituoni.

Kabla hujalipa, soma kwa sauti mwanzo hadi mwisho, namba kwa namba, huku umeshika kadi ya pikipiki au boksi la simu. Kisha geuza macho kwenye skrini. Faili yako huwa imehifadhiwa kwenye uso wa kompyuta kwa jina la "BARUA POLISI MPYA", ikiwa na jina la mtuhumiwa, namba yako ya simu, na mahali unapotunza korosho zako, na mteja anayefuata ataandikiwa humohumo. Mwambie mchapaji aifute mbele yako, na kwenye kapu la taka aifute pia.